Feni ya rejeta ya pikipiki haiwaki, maji yanachemka. Fundi watatu majibu matatu. Niko Kigoma

#1 Mgebuka Mkavu
Wakuu heshima kwenu. Nina trail ya Kijapani cc 250, mtumba, ya injeksheni, ina rejeta ya maji. Nikiwa lami natembea 60 mpaka 80 haina neno hata jua liwe kali vipi. Shida ni nikikwama kwenye foleni ya Mwanga jioni au nikipanda Kalinzi nyuma ya lori la mzigo, gia ya kwanza ya pili muda wote, basi maji yanaanza kutokota nayasikia kabisa chini ya tanki, yanakimbilia kwenye chupa ya akiba yanafurika yananimwagikia buti, alafu taa nyekundu ya joto inawaka. Feni imetulia tu inaniangalia. Nikizima nikakaa pembeni mpaka ipoe naendelea na safari.

Fundi wa kwanza kasema feni imekufa iagizwe Dar. Wa pili kasema feni nzima, sensa ndo imekufa. Wa tatu anataka atoe thamostati (kile kilango kinachofunguka kwa joto kupitisha maji kwenda rejeta) atupe, alafu feni aiunge dairekti iwe inazunguka muda wote. Kila mmoja na bei yake. Nimsikilize nani?

#2 Dogo Heru
Kigoma nayo ina foleni? 😂

#3 Fundi Waya Ujiji
Usinunue kitu kwanza. Hiyo feni ni mota ya volti 12 tu, haina uchawi. Chomoa plagi yake pale nyuma ya rejeta, chukua waya mbili, ule wa chanya uwekee fyuzi ya ampia 10 katikati kwa usalama, peleka moja kwa moja kwenye betri. Ikizunguka kwa nguvu basi mota nzima na fundi wako wa kwanza alikuwa anatafuta hela ya kula. Isipozunguka isukume kidogo kwa kijiti, SIO KIDOLE, ikianza baada ya kusukumwa jua kaboni zimeisha, na kama ni nzito hata ukiizungusha kwa mkono ikiwa haina umeme basi beringi imejaa tope.

Angalia pia upepo unaelekea wapi. Feni nyingi zilizofungwa nyuma ya rejeta zinavuta hewa ya mbele ipite kwenye rejeta ije upande wa injini, sasa mtu akigeuza waya inazunguka kinyume inashindana na upepo unaokuja mbele. Pikipiki za mtumba ambazo plagi imekatwa ikaungwa kwa selotepu hilo ndo jambo la kwanza naangalia.

Mota ikiwa nzima unarudi nyuma taratibu, fyuzi, rilei (kile kiswichi cha umeme kinachoiwasha feni), ethi (waya wa hasi), ndo uje kwenye sensa. Na fyuzi usiitazame kwa macho tu, pima.

#4 Kaliua Kwanza
Uza hiyo kitu nunua Boxer. Injini ya hewa haijui rejeta wala feni, unabeba gunia la mkaa na mkungu wa ndizi juu na haichemki.

#5 Mgebuka Mkavu
Dogo Heru njoo Mwanga saa kumi na mbili jioni, bajaji, boda na mama wa migebuka wote wako barabarani, alafu urudi hapa useme kama hakuna foleni.
Kaliua Kwanza siuzi. Fundi Waya asante, kesho napima.

#6 Mzee Spana
Vijana mnakimbilia umeme. Mimi nakuuliza swali moja, taa ikiwaka shika mpira wa juu wa rejeta na mpira wa chini (kwa kitambaa usiungue). Kama wa juu unaunguza na wa chini wa baridi, maji hayazunguki. Thamostati imeganda ikiwa imefungwa. Kwa kawaida inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, isipofunguka maji ya moto yanabaki kwenye injini yanatokota humo humo, rejeta haipati habari. Sasa kama swichi ya feni imefungwa kwenye rejeta itawakaje wakati rejeta yenyewe ya baridi? Feni haina kosa, sensa haina kosa, hakuna aliyewaita kazini.

Jambo la pili ni hewa. Aliyebadilisha maji mara ya mwisho alitoa hewa? Hewa ikibaki pale kwenye ncha ya sensa, sensa inapima hewa badala ya maji. Injini ikiwa BARIDI fungua mfuniko, iwashe, inua tairi la mbele juu ya kitofali, minya minya mipira, ilaze kushoto kulia, utaona mapovu yanatoka na maji yanashuka, unaongeza. Mpaka yaache kushuka.

Alafu huyo anayetaka kutupa thamostati mkimbie. Bila thamostati maji yanapita mbio kwenye rejeta hayapati muda wa kupoa.

#7 Binti Kibirizi
Kaka yangu alikuwa na shida kama hii kwenye pikipiki ya kabureta, ile swichi ya feni ilikuwa imekaa chini ya rejeta pembeni. Alichomoa waya zake mbili akazigusanisha kwa kipande cha waya, feni ikawaka hapo hapo, akajua swichi imekufa. Kuhakikisha aliifungua akaiweka kwenye sufuria ya maji yanayochemka huku ameunga mita, haikugusa kabisa, yaani haikupitisha umeme, hata maji yalipochemka dakika nzima. Akanunua nyingine. Jaribu hivyo Mgebuka, rahisi.

#8 Mwalimu wa Ipuli
Nawasalimu kutoka Tabora. Binti Kibirizi, kugusanisha waya sawa, lakini hilo jaribio la sufuria lina kasoro ambayo watu wengi hawaijui. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100 ukiwa usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300 hivi inapungua karibu nyuzi moja. Kigoma mjini mko kwenye mita 770 na kitu, maji yenu yanachemka 97 na nusu hivi. Huku kwetu Tabora mita kama 1200, yanachemka 96. Swichi nyingi za feni zinagusa kati ya 98 na 105. Kwa hiyo swichi nzima kabisa ukiitia kwenye sufuria ya maji Kigoma au Tabora haigusi, na wewe unaitupa. Dar hiyo hiyo moja ingegusa pengine.

Ile ya kaka yako inawezekana ilikuwa nzima.

#9 Binti Kibirizi
Mwalimu mbona baada ya kubadilisha ilipona?

#10 Mwalimu wa Ipuli
Kubadilisha swichi ni lazima umwage maji na kujaza mapya. Huenda kilichopona ni hewa iliyotolewa, au temino ya waya iliyosuguliwa.

#11 Binti Kibirizi
Haya. Nitamwambia kaka kuna mwalimu Tabora anasema alipoteza hela bure.

#12 Dogo Heru
Sasa tukapimie kwenye nini, supu?

#13 Fundi Waya Ujiji
Mafuta. Kigoma tumekosa mawese? Chukua kikopo, tia mawese, ning'iniza swichi kwa waya ncha ya chuma tu ndo iwe ndani isiguse chini ya kikopo, weka kipima joto kile cha kupikia pembeni yake, moto mdogo. Unaunga mita, unasubiri ilie. Ikilia kwenye 100 au 103 nzima. Muhimu ni kipima joto maana mafuta hayakuonyeshi kwa kuchemka kama maji, na swichi iwe KAVU, tone moja la maji kwenye mafuta ya moto linakurukia usoni. Alafu hayo mafuta usimrudishie mama jikoni.

Ila pikipiki ya mwenye uzi ni injeksheni, mara nyingi haina swichi hiyo kwenye rejeta. Ina sensa ya joto kwenye hedi (kichwa cha injini) au karibu na thamostati, inapeleka taarifa kontroo boksi (kompyuta ya injini), kontroo boksi ndo inaamuru rilei, rilei inawasha feni. Sensa haigusi wala haikati, inabadilisha omu (ukinzani wa umeme). Nyingi ikiwa baridi inasoma kilo-omu 2 na kitu, ukifika nyuzi 80 imeshuka mpaka omu 300 na kitu. Ukikuta mita inasoma sifuri au haisomi kabisa ndo imekufa.

Jaribio rahisi, swichi ya ufunguo ikiwa imezimwa chomoa plagi ya sensa, alafu washa. Pikipiki nyingi (sio zote) boksi ikikosa taarifa inaogopa, inawasha taa ya injini na kuamuru feni izunguke. Ikizunguka basi mota, rilei, fyuzi, waya vyote vizima. Inabaki sensa na maji.

#14 Mzee Spana
Inabaki maji. Nimesema.

#15 Kaliua Kwanza
Boxer. Nimesema.

#16 Mwalimu wa Ipuli
Mzee Spana shikamoo, naomba nikupinge kidogo pale kwenye thamostati. Kwamba maji yakipita mbio hayapati muda wa kupoa hilo limezagaa gereji zote lakini halina msingi. Maji ni yale yale yanazunguka, yakipita mbio yanarudi mara nyingi zaidi, joto linalotoka kwenye rejeta halipungui kwa sababu ya mwendo. Ubaya wa kuitoa ni mwingine, injini inachelewa kupata joto lake, injeksheni inadhani bado asubuhi inaendelea kumwaga petroli nyingi, silinda inaisha mapema.

Sasa hoja yangu kuu. Hakuna aliyeuliza mfuniko wa rejeta. Ule mfuniko una springi na mpira, juu umeandikwa 1.1 mara nyingi, maana yake unashikilia presha ya bar 1.1 hivi juu ya ile ya hewa. Kwa presha hiyo hata maji matupu yanavumilia mpaka karibu 120 ndo yachemke. Mpira ukikauka au springi ikilegea presha haikai, unarudi kwenye 97 yenu ya Kigoma. Na ukipanda Kalinzi inashuka zaidi. Feni inasubiri 100 au 103. Je itawaka? Maji yanachemka kabla feni haijafikiwa! Yanafurika kwenye chupa, na feni nzima kabisa imekaa inasubiri joto ambalo maji hayatalifikia.

#17 Mama Guta Gungu
Jamani mwalimu umenifungua akili. Ndo maana maharage ya Tabora hayaivi.

#18 Fundi Waya Ujiji
Mwalimu nadharia tamu lakini soma tena bandiko la kwanza. Amesema TAA NYEKUNDU INAWAKA. Taa ya joto kwa pikipiki nyingi inakuja juu sana, huko 110 na kuendelea. Kama maji yanachemkia 97 na kubaki hapo hapo taa ingewakaje? Na kama taa imewaka ina maana sensa imeongea, boksi imesikia. Kwa hiyo sensa nzima, kuna kitu kati ya boksi na feni. Rilei au waya.

#19 Mwalimu wa Ipuli
Taa inawaka baada ya maji kumwagika. Maji yakishafurika hedi inabaki na mvuke, chuma kinapanda joto, ndo taa. Mwenye uzi atuambie kipi kinaanza, kutokota au taa?

#20 Mgebuka Mkavu
Kutokota kunaanza. Naisikia kwanza, buti linalowa, alafu taa.

#21 Fundi Waya Ujiji
Bado. Kama hedi imepanda mpaka taa ikawaka basi boksi ilipaswa iwe imeshaamuru feni zamani.

#22 Mzee Spana
Kuna pikipiki taa ina sensa yake na feni ina yake. Msibishane na chuma hamjakiona.

#23 Dogo Heru
Nimepaki hapa na karanga.

#24 Mgebuka Mkavu
Wakuu mrejesho. Feni nimeiunga dairekti kwenye betri inazunguka, upepo unakuja upande wa injini kama Fundi Waya alivyosema. Fyuzi nzima kwa mita. Nimechomoa plagi ya sensa nikawasha, taa ya injini ikaja na feni ikaanza kuzunguka. Ila naona kama inazunguka taratibu kuliko ilivyokuwa kwenye betri. Mipira yote miwili ya moto, wa juu kidogo zaidi. Mfuniko mpira wake una mpasuko pembeni unaingia kucha.

#25 Mwalimu wa Ipuli
Mpasuko! Nimalize hapo.

#26 Mzee Spana
Mipira yote ya moto basi thamostati inafunguka, hiyo nakubali. Hewa bado hujatoa.

#27 Fundi Waya Ujiji
Mnaruka jambo kubwa. "Taratibu kuliko kwenye betri." Hapo ndo ilipo. Weka mita kwenye plagi ya feni IKIWA INAZUNGUKA, usichomoe, choma sindano za mita nyuma ya plagi. Ukipima ikiwa imechomolewa utaona 12 na utadanganyika, maana mita haili umeme. Mzigo ukikaa, feni inakula ampia kadhaa, waya uliooza ndani au temino yenye ukungu wa kijani inashindwa kupitisha. Nilishika moja ya mtu wa Uvinza, bila mzigo 12.4, feni ikiunganishwa 7. Ukifungua ganda la waya ndani nyuzi tatu tu ndo zimebaki, nyingine unga wa kijani. Vumbi la huku na zile kuosha kwa mashine ya presha, maji yanaingia kwenye plagi yanakaa humo.

Alafu zungusha usukani kushoto na kulia mpaka mwisho huku feni inazunguka. Waya zinazopita pale shingoni zinakatikia ndani, ganda nje zima.

#28 Binti Kibirizi
Mashine ya presha inaua rejeta pia, yale mabati membamba yanalala upepo haupiti. Mimi nanyoosha kwa pini ya nywele.

#29 Mgebuka Mkavu
Nimepima. Betri injini ikiwaka 13.9. Kwenye plagi ya feni ikizunguka 9.6. Usukani nikikata kushoto mpaka mwisho sauti ya feni inabadilika kidogo, au nahisi tu.

#30 Fundi Waya Ujiji
Volti 4 zimepotelea njiani. Kesi imekwisha. Huko milimani inatikisika, waya ukiachia kidogo feni haizunguki kabisa.

#31 Mwalimu wa Ipuli
Kesi haijaisha. 9.6 feni inazunguka, taratibu lakini inazunguka. Yeye alisema haijigusi kabisa. Na ikiwa waya unaachia milimani, Mwanga pale amesimama kwenye foleni unatikiswa na nini?

#32 Kaliua Kwanza
Na mashimo ya Mwanga.

#33 Mama Guta Gungu
😂😂😂

#34 Sisi wa Nguruka
Nimesoma uzi wote sijaona mtu anauliza anaweka maji gani. Mgebuka unajaza kulanti (ile dawa ya rejeta) au maji ya ziwa?

#35 Mgebuka Mkavu
Ya bomba mkuu. Na safarini popote nitakapoyapata.

#36 Sisi wa Nguruka
Sasa hapo. Maji ya Tanganyika yana madini, pH yake inapita 8.5, ukiyachemsha angalia sufuria linabaki na ukoko mweupe. Huo ukoko uko ndani ya rejeta yako na umeivaa ncha ya sensa kama soksi, sensa inachelewa kusikia joto. Safisha, alafu weka kulanti nusu na maji ya betri nusu, yale baridi ya kuongezea yasiyo na asidi, USIJE UKAWEKA YALE MAKALI. Kulanti yenyewe inapandisha kiwango cha kuchemka na inazuia kutu. Ukimwaga ile ya zamani usiache chini, ina ladha ya utamu, mbwa na mbuzi wakilamba wanakufa, figo zinafeli. Watoto pia.

Na jingine, angalia mapovu. Mfuniko wazi injini ikiwa baridi, washa, kama mapovu hayaishi hata baada ya kutoa hewa na maji yananuka petroli ama moshi, gasketi ya hedi imepitisha. Hapo feni mtaijadili mpaka meli ya Liemba irudi bandarini.

#37 Mzee Spana
Gasketi sidhani, angesema inachemsha hata lami.

#38 Mgebuka Mkavu
Wakuu nimerudi. Nimepata mfuniko mpya wa 1.1, nimesafisha rejeta, kulanti ya kijani nusu kwa nusu, hewa nimetoa kama Mzee Spana alivyoelekeza na kweli yametoka mapovu mengi. Fundi wa umeme amekata kipande cha waya pale shingoni akaweka kipya na ethi ya feni ameisugua. Leo nimesimama Mwanga injini inaunguruma makusudi, feni ikawaka yenyewe, ikazima, ikawaka tena. Maji hayajafurika. Kalinzi bado sijapanda. Mbarikiwe.

#39 Mwalimu wa Ipuli
Mfuniko. Hongera.

#40 Fundi Waya Ujiji
Huo waya alioukata unao? Uchane kwa wembe utupigie picha ndani.

#41 Mgebuka Mkavu
Ameondoka nao.

#42 Mzee Spana
Mapovu mengi amesema mwenyewe. Someni.

#43 Mwalimu wa Ipuli
Anayo njia ya kujua. Arudishe mfuniko wa zamani siku moja asimame Mwanga, kila kingine kibaki kama kilivyo.

#44 Mgebuka Mkavu
Mwalimu mimi na buti langu hatushiriki hilo jaribio.

#45 Mama Guta Gungu
Samahani niingilie, yangu ni guta ya injini ya maji nabebea dagaa. Feni yangu shida ni kinyume, nikizima ufunguo inaendelea kuzunguka. Ni ugonjwa?

#46 Fundi Waya Ujiji
Mama kuna ambazo feni imeungwa kwenye betri bila kupitia ufunguo, inazunguka mpaka maji yapoe ndo inazima, hiyo kawaida kabisa. Inachukua muda gani?

#47 Mama Guta Gungu
Juzi nimeikuta asubuhi bado inazunguka, kichovu chovu, betri haina kitu.

#48 Fundi Waya Ujiji
Hiyo rilei imegandiana. Igonge kidogo na mpini wa bisibisi, ikizima ndo yenyewe.

#49 Mzee Spana
Au swichi ya rejeta imeganda ikiwa imegusa. Chomoa waya wake mmoja kwanza, ikizima rilei haina kosa.

#50 Sisi wa Nguruka
Mama fungua uzi wako, huu umeshajaa. Na picha ya hiyo plagi uweke.